Baharia na Mfinyanzi: Maisha ya Verney Lovett Cameron (1844–1894) na Chungu cha Ufuo wa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Jina la Verney Lovett Cameron hutajwa katika vitabu vya historia ya Afrika ya Mashariki kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba alitumwa kumsaidia Livingstone naye akapata habari njiani kuwa Livingstone amekwisha kufa. La pili ni kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Baada ya hapo msomaji hupelekwa upesi kwa Stanley, na Cameron husahauliwa. Hata mjini Ujiji, mahali alipokaa na kufanyia kazi yake iliyo bora, hadithi ya mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871 imemfunika kabisa.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo kwa kuanzia mahali ambapo waandishi wengi hawakusimama. Katika kitabu chake cha safari, kilichochapwa mwaka 1877, mna aya moja inayoeleza jinsi alivyomtazama mwanamke akifinyanga chungu kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, na mwisho wa aya hiyo anavifananisha vyungu vya ziwani na mitungi ya kale ya Pompeii. Kwa maoni yetu, aya hiyo inamfichua Cameron kuliko kurasa zake nyingi za vipimo na za siasa. Aidha, ni ushahidi wa thamani kuhusu sanaa ambayo wasafiri wengine wa wakati huo waliipita bila kugeuza shingo. Tutaona pia kwamba ni ushahidi wenye pengo, na pengo lenyewe lina maana.

2.0 Mtoto wa kasisi, kijana wa manowari

Cameron alizaliwa tarehe 1 Julai 1844 huko Radipole, karibu na Weymouth, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa parokia. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, aliingia katika jeshi la wanamaji. Miaka yake ya mwanzo aliitumia katika Mediterania, bahari ambayo pande zake zote zimejaa mabaki ya Wayunani na Warumi. Baadaye alihudumu katika Bahari ya Shamu wakati wa vita vya Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Uhabeshi mwaka 1868, kisha katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako manowari za Uingereza zilikuwa zikizikamata jahazi zilizobeba watumwa. Huko ndiko alikoichukia biashara hiyo.

Malezi ya manowari yalimpa tabia mbili ambazo hazikumwacha maishani. Alizoea kuyapima mambo kwa saa na kwa vyombo, na alizoea kuitazama kazi ya mikono kwa makini, kwa kuwa merikebu ya siku zile ilitegemea mafundi: seremala, mshona tanga, mhunzi. Afisa asiyejua kazi ya fundi wake hakuweza kuisimamia merikebu.

3.0 Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Mwaka 1873 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtuma Cameron kwenda kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi 1873 pamoja na daktari William Dillon. Baadaye waliungana na Luteni Cecil Murphy na kijana Robert Moffat, mpwa wa Livingstone. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amekwisha kuwaongoza Burton, Speke na Stanley, na ambaye kwa haki angestahili makala yake mwenyewe.

Safari ilikuwa ya misiba tangu mwanzo. Moffat alikufa kwa homa mwezi Mei kabla hajafika mbali na pwani. Waliobaki walifika Unyanyembe mwezi Agosti, wote wakiwa hoi kwa homa na maradhi ya macho. Wakiwa bado hapo, mwezi Oktoba, alifika Chuma akiwa ametangulia mbele ya wenziwe kuleta habari kwamba Livingstone amefariki na kwamba watumishi wake wanauleta mwili. Cameron alishauri mwili uzikwe papo hapo, lakini Chuma, Susi na wenzao walikataa katakata. Murphy akarudi nao pwani. Dillon, akiwa amepagawa na homa, alijiua mwezi Novemba.

Cameron akabaki peke yake. Shughuli aliyotumwa ilikuwa imekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu kama angegeuka nyuma. Badala yake alivichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya Livingstone, tendo ambalo amelaumiwa kwalo, na sisi hatuoni sababu ya kumtetea, kisha akaendelea magharibi. Alipita Uvinza, nchi ya chumvi, ambako maji ya chemchemi yalichemshwa katika vyungu hadi chumvi ikabaki. Uchimbuzi wa akiolojia uliofanywa huko na John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilianza katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Vigae walivyovifukua ni vya wafinyanzi walioishi zaidi ya miaka elfu moja kabla Cameron hajazaliwa. Yeye mwenyewe hakulijua hilo. Kwake Uvinza ilikuwa kituo cha kulipia hongo na kuvukia Malagarasi.

Mwezi Februari 1874, akiwa na umri wa miaka 29, aliingia Kawele, kitovu cha mji wa Ujiji.

4.0 Ujiji na ziwa

Ujiji wa mwaka 1874 ulikuwa mji wa biashara uliokaliwa na Wajiji wenyewe, Waarabu wachache, na Waswahili wa pwani ambao mashuhuri wao alikuwa Mwinyi Kheri. Soko lilijaa kila siku. Cameron alivutiwa na jinsi lilivyoendeshwa: bidhaa zililipiwa kwa sofi, shanga fupi zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuzibadilisha shanga hizo asubuhi na kuzikusanya tena soko linapofungwa. Alizikuta pia karatasi za Livingstone zilizokuwa zimeachwa mjini hapo, akahakikisha zinafikishwa pwani.

Swali kubwa la wanajiografia wakati huo lilikuwa: maji ya Tanganyika yanatokea wapi? Burton na Speke walikuwa wamefika mwaka 1858. Livingstone na Stanley walikuwa wameuchunguza upande wa kaskazini mwaka 1871, wakakuta kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Upande wa kusini ulibaki. Cameron akapata mashua mbili, akazipa majina ya Kiingereza ya Betsy na Pickle, na katikati ya mwezi Machi akaondoka Ujiji akielekea kusini kwa kuufuata ufuo wa mashariki. Aliuzunguka mwisho wa ziwa na kupanda kwa upande wa magharibi. Mwanzoni mwa Mei aliufikia Mto Lukuga, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie hivi leo, akaona kwamba maji yanatoka ziwani kuelekea magharibi, ingawa matete na majani yalikuwa yameziba njia. Mito aliyoihesabu ikiingia ziwani ilikuwa 96, na huo mmoja tu ndio uliotoka.

Stanley alipofika mwaka 1876 alipinga hitimisho hilo, kwani kizuizi kilikuwa kingali pale na maji hayakwenda kwa nguvu. Lakini miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, na Edward Hore, baharia mwingine aliyekuwa Ujiji kwa niaba ya wamisionari wa London, alithibitisha kwamba Lukuga unatoka ziwani kwa kasi. Cameron alikuwa amesema kweli.

5.0 Chungu

Ni katika safari hiyo ya mashua, siku mojawapo akiwa nchi kavu, ndipo alipoketi kumtazama mfinyanzi. Tuieleze kazi hiyo kama alivyoieleza, kwa maneno yetu.

Mwanamke yule alitwaa udongo wa kutosha chungu kimoja, akautia maji, akautwanga kwa mchi wa kutwangia nafaka hadi ukawa mlaini, wa namna moja kote. Aliuweka juu ya jiwe bapa, akaupiga ngumi katikati pakawa na shimo, kisha akaanza kuuvuta juu kwa mikono aliyoilowesha maji kila mara. Alama za vidole alizifuta kwa gunzi la hindi. Alilainisha kwa vipande vya kibuyu na vya mti, na umbo la mviringo lilitokana na kibuyu chenyewe. Mwisho alitia nakshi kwa kijiti chenye ncha kali. Cameron alijiuliza chungu kitabanduliwaje kwenye jiwe na kitako chake kitafinyangwaje. Alipokaribia aliona kwamba hakikuwa na kitako bado. Kiliachwa kivulini saa nne au tano hadi kikakaza, ndipo kitako kikatiwa. Tangu kutwanga udongo hadi kukiweka kivulini zilipita dakika 35, na kitako kingehitaji dakika kumi hivi zaidi.

Msomaji ataona kwamba huyu ni baharia aliyetoa saa mfukoni. Lakini ataona pia kitu ambacho ni adimu katika maandishi ya aina hii: mtu aliyevumilia kuketi hadi mwisho, akajiuliza swali la kiufundi, akasimama kwenda kulichungulia jibu. Maelezo yake ni kamili kiasi kwamba mwanafunzi wa akiolojia anaweza kuyatumia kufasiria kigae: chungu kilichoanzwa mdomoni na kumalizwa kitakoni huacha kiungo mahali pasipo sawa na kile kilichoanzwa kitakoni.

Kisha anakuja kwenye sifa. Vyungu vya ziwani, anasema, vina umbo la kupendeza na lililolingana ajabu, na vingi vinafanana na amfora, yaani ile mitungi ya kale yenye shingo na mikono miwili, iliyoko katika nyumba iitwayo ya Diomedes huko Pompeii. Nyumba hiyo ilifukuliwa katika karne ya 18 kutoka chini ya majivu ya mlima Vesuvius yaliyoufunika mji mwaka 79 B.K., na mitungi hiyo ilikutwa imeegemezwa ukutani katika ujia wa chini. Kijana aliyeanza utumishi wake katika Mediterania huenda aliiona kwa macho yake.

Hapa yapasa tuwe waangalifu. Mitungi ya Pompeii aliyoitaja ilikuwa ya kuwekea divai, haina picha wala nakshi ya maana. Cameron alilinganisha umbo kwa umbo, na nakshi ya mwanamke wa Tanganyika, ambayo alikuwa ameitazama ikichorwa, akaiacha katika maneno machache. Fauka ya hayo, sifa ya namna hiyo ina sumu yake. Chungu kinaonekana kizuri kwa kuwa kinakikaribia kitu cha Ulaya ya kale. Kinaondolewa kwenye jiko lake na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho. Wasomi kadhaa wa siku zetu wameikataa lugha hiyo, na hawakukosea.

Hata hivyo, sisi tungependa kuuchukua mlinganisho huo na kuupeleka mahali ambapo Cameron hakuupeleka, yaani kwenye kile kijiti. Mfano mashuhuri wa mtungi wa Kiyunani wenye picha ni amfora ya Exekias, iliyofinyangwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 K.K. hivi, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Vatikani. Picha yake inawaonyesha mashujaa wawili, Achilles na Ajax, wameinamia mchezo wa ubao huku mikuki ingali mikononi. (Mwanafunzi wetu wa Afrika ya Mashariki huwaza bao mara moja, na ingawa mchezo wenyewe ni mwingine, ule ukimya wa wachezaji wawili ataufahamu bila kufundishwa.) Watu hao ni weusi juu ya udongo mwekundu. Weusi huo hautokani na rangi ya dukani. Ni udongo uleule uliochujwa ukawa laini sana, ukapakwa, kisha chombo kikachomwa kwa awamu tatu, hewa ikiruhusiwa, ikizuiwa, na kuruhusiwa tena. Lakini nywele, ndevu na mapambo ya nguo za Achilles havikupakwa. Vilichorwa kwa ncha kali iliyokwaruza ule weusi kabla ya kuchoma, hadi udongo mwekundu ukatokeza kwa chini.

Kwa hiyo mfinyanzi wa Tanganyika na Exekias wanakutana katika ncha ya kifaa. Wote wawili walijua kwamba mstari uliokatwa kabla ya moto haufutiki, na kwamba mkono ukiteleza hakuna kusahihisha. Mmoja alikata picha ya mashujaa kwa ajili ya karamu ya divai, na mwingine alikata nakshi kwenye chombo cha nyumbani. Tofauti yao haiko katika ustadi. Iko katika jambo jingine: juu ya amfora ile Exekias aliandika kwamba ndiye aliyeichora na ndiye aliyeifinyanga. Tunalijua jina lake baada ya miaka 2500. Mwanamke aliyeketi mbele ya Cameron mwaka 1874 hatumjui jina, wala kijiji chake hakina nafasi katika sifa anayopewa.

Tusiharakishe kusema kwamba jamii yake haikujali majina. Katika kijiji, kila mtu alijua chungu kipi ni cha nani, na huenda nakshi yenyewe ilitosha kuwa sahihi kwa macho yanayoisoma. Aliyepaswa kuuliza ni mgeni mwenye kalamu. Cameron hakuwa mtu asiyependa majina. Kitabu chake kina nyongeza inayoorodhesha mimea aliyoikusanya kandokando ya Tanganyika, kila mmoja umepewa jina lake la kisayansi na Profesa Oliver wa Bustani za Kew. Kina pia orodha ya maneno ya Kirua. Jani la ufuoni lilipata jina London. Mfinyanzi hakuulizwa lake.

6.0 Kutoka Nyangwe hadi Atlantiki

Cameron aliondoka Ujiji mwezi Mei 1874, akavuka ziwa na kuishika njia ya Manyema. Alifika Nyangwe kwenye Mto Lualaba mwezi Agosti, akitaka mitumbwi ya kuteremka nao. Hakuipata. Tippu Tip, ambaye alikutana naye wakati huo na ambaye amemtaja katika tawasifu yake ya Kiswahili, alimchukua hadi kambini kwake na kumpa njia ya kusini. Kwa hiyo utukufu wa kuufuata mto huo hadi baharini ukamwangukia Stanley. Cameron alikwama kwa miezi mingi katika nchi ya Kasongo, mfalme wa Waluba, akamtegemea mfanyabiashara Juma Merikani kwa hisani na Mreno mweusi aitwaye Alvez kwa njia ya kutokea.

Safari na msafara wa Alvez ndiyo iliyomwonyesha biashara ya watumwa kwa ukaribu ambao manowari haikumwonyesha. Mshirika wa Alvez aitwaye Coimbra alifika siku moja na wanawake 52 waliofungwa kamba, wengine na watoto mgongoni, wote wakiwa wamebebeshwa mizigo. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao, vijiji visivyopungua kumi vilikuwa vimeangamizwa, vyenye jumla ya watu wapatao 1500. Wasomaji wa kitabu chake waliikumbuka hesabu hiyo.

Tunapoisoma pamoja na aya ya chungu, hesabu hiyo inasema jambo ambalo Cameron hakuliunganisha. Ikiwa huko pia, kama kule ziwani, ufinyanzi ulikuwa mikononi mwa wanawake, na ulipokewa kwa binti kumtazama mama, basi pamoja na kila kijiji kilichochomwa ilitoweka nakshi pia. Mizigo iliyokuwa vichwani mwa wale 52 ilihesabiwa. Ujuzi uliokuwa mikononi mwao haukuwa na mnunuzi wala mwandishi.

Aliiona Atlantiki karibu na Benguela mwezi Novemba 1875, akiwa karibu kufa kwa kiseyeye.

7.0 Miaka ya mwisho

Uingereza ilimpokea kwa heshima. Shirika la Jiografia lilimpa medali ya dhahabu mwaka 1876, na jeshi likampandisha cheo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba akiwa bara, mwezi Desemba 1874, alikuwa ametoa tangazo la kulitwaa bonde la Kongo kwa jina la Malkia wa Uingereza. Serikali yake ililikataa. Lakini habari zake za utajiri wa bonde hilo zilisomwa kwa makini na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na Cameron alikuwa miongoni mwa wasafiri waliohudhuria mkutano wa Brussels wa Septemba 1876. Yaliyofuata Kongo yanajulikana. Haingekuwa haki kumtwisha Cameron mzigo wote huo, wala haingekuwa kweli kumwondoa ndani yake. Aliamini kwa moyo safi kwamba reli na mashua za moshi zingeiua biashara ya watumwa, na hakujiuliza kwa kina nani angezimiliki.

Mwaka 1878 alisafiri katika Uturuki ya Asia kutafuta njia ya reli ya kwenda Bara Hindi. Mwaka 1882 alikwenda Ghana ya leo pamoja na Burton kutafuta dhahabu, na wakaandika kitabu kwa ushirika. Alijiunga na makampuni ya biashara ya Afrika, akaandika pia hadithi za kusisimua kwa wavulana. Hakurudi tena Ujiji. Tarehe 24 Machi 1894, akirejea kutoka mawindoni karibu na Leighton Buzzard, alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Hakuwa ametimiza miaka hamsini.

Daftari na ramani zake zilibaki. Kile chungu hakukichukua: alikiacha kivulini, kikisubiri kitako.